Ziwa Tulilolichora Kipushi

Wanangu mnaoanza kazi ya utabiri, najua mnachoulizana sisi wazee tukitoka chumbani. Mnakaa mbele ya skrini ya mazoezi, mnaona mji wetu wa Lubumbashi, mnaona uwanja wa ndege wa Luano, mnaona uwanda wa Kundelungu kule juu, halafu pale Kipushi mnaona ziwa kubwa la njano lenye umbo la sufuria, na masikio yake mawili. Sasa Kipushi kuna mgodi, kuna mpaka wa Zambia, kuna mama zetu wanaovuka na magunia ya unga kichwani. Ziwa hakuna. Juzi nilipopita kuwasalimia, mmoja wenu aliniuliza kwa adabu kama kompyuta imeharibika. Nikamwambia avute kiti akae, maana jibu la swali hilo si la kujibiwa kwa kusimama.

Ziwa lile nililichora mimi, Zaina, binti wa fundi cherehani kutoka Maniema. Nimestaafu, magoti yananisumbua, na yanatabiri mvua kuliko baadhi yenu, msinikasirikie. Nililichora likiwa jekundu. Kwa nini leo ni la njano ndiyo habari ninayotaka kuwaachia, na nitaisema kwa kujivuna, kwa sababu katika kazi yote niliyofanya hakuna jambo ninalojivunia kuliko hilo.

Kwanza niwaeleze kazi yenyewe, maana wengine wenu mmekuta kila kitu kiko mezani, mkadhani kilianguka kutoka mbinguni. Kiasi fulani ni kweli. Tulipewa habari kwamba satelaiti tuliyoizoea itapumzishwa, na mpya itachukua mahali pake. Mpya ingekuwa na macho mengi zaidi, ingeleta picha kwa haraka zaidi, na ingekuwa na chombo cha kuhesabu radi, kitu ambacho ile ya zamani haikuwa nacho. Wote tulifurahi. Halafu mtu mmoja akauliza: siku itakapowashwa, nani atajua kuisoma? Mvua hazitungojei tujifunze. Wingu la mvua ya mawe haliwezi kuambiwa lirudi wiki ijayo.

Ndipo zilipokuja picha za kuiga. Msichoke, ni jambo rahisi. Unachukua siku iliyokwisha kupita, siku unayojua mwisho wake: mvua ilinyesha wapi, upepo uliezua mabati ya nani. Unaipa kompyuta hali ya hewa ya siku hiyo, joto na unyevu na mawingu, tangu ardhini hadi juu kabisa. Kisha unaiuliza: kama chombo kipya kingekuwa angani siku ile, kingeona nini? Kompyuta inahesabu na kuchora. Picha inayotoka haijapigwa na mtu yeyote, lakini inakufundisha kusoma chombo ambacho bado kiko kiwandani.

Baba yangu alikuwa akifanya vivyo hivyo bila kompyuta. Mama mmoja akimletea pagne, kitenge cha harusi cha thamani, baba hakukigusa kwa mkasi. Alikata kwanza kwenye gazeti, akaliunga kwa pini, akamvalisha yule mama gazeti mbele ya kioo. Watoto tulicheka mpaka tukafukuzwa. Lakini kosa likionekana, lilikuwa kosa la gazeti. Nilipoulizwa ofisini nani atashughulikia picha za kuiga, niliinua mkono kabla ya wengine kuelewa swali, kwa sababu mimi nilikulia katikati ya nguo za gazeti.

Sasa nimlete Papa Kalenga, maana bila yeye hakuna habari.

Papa Kalenga ndiye aliyenifundisha mimi na kila mtu aliyefaa kitu katika ofisi ile. Alikuwa mrefu, mwenye kofia ya sufu hata mwezi wa kumi, joto linapochemsha ubongo. Mtu mpya akiingia na kukimbilia skrini, alimshika bega na kumgeuza kuelekea mlangoni. "Toka kwanza inje," alikuwa akisema. "Angalia mawingu na macho yako. Kisha urudi, uniambie foto itasema nini." Ukirudi umekosea, hakukukaripia. Alikutuma tena nje. Mimi nilitumwa nje mara nyingi hivi kwamba akina mama wauza maandazi pale getini walidhani kazi yangu ni kulinda ua.

Alisoma picha za rangi ya kijivu kama wengine wanavyosoma nyuso za wake zao. Kijivu hiki ni wingu la chini, kile ni wingu refu lililoganda juu, na pale kwenye weupe mkali, msipeleke ndege. Dhoruba za Kundelungu alizijua tabia zake zote: ipi itakufa njiani, na ipi itafika mjini na hasira. Ofisi ilikuwa na rangi pia, hata kwenye satelaiti ya zamani, lakini kila alipokaa kwenye kiti alibonyeza na kuzizima. "Miye napenda mweusi na mweupe," alisema. "Rangi ni ya kitambaa." Tulicheka. Tulidhani ni ukaidi wa uzee, na mzee mwenye heshima anaruhusiwa ukaidi mmoja.

Lakini kwa chombo kipya iliamuliwa kwamba chumba kizima kitafanya kazi kwa rangi. Macho yalikuwa mengi mno, kijivu kisingetosha. Njia pekee ya kuyaona kwa pamoja ilikuwa kuyachanganya katika picha moja. Papa Kalenga aliposikia hivyo alivua kofia, akaitazama, akaivaa tena.

"Siku batazima satelaiti ya zamani," akasema, "na miye banizime. Nitarudisha funguo."

"Papa, weye njo unajua Kundelungu," nikamwambia. "Tutabakia na nani?"

"Utabakia na weye mwenyewe. Ulishakomaa."

Sikukubali. Nawaambia wazi, niliogopa. Mashine ilikuja na vitabu vyake vya maelezo, lakini yaliyokuwa kichwani mwa Papa Kalenga hayakuandikwa popote, na msimu wa kwanza wa mvua na chombo kigeni ndio msimu ambao tungemhitaji kuliko mingine yote. Nikajiapiza kwamba nitamfundisha kwa picha zangu hadi azipende, na siku satelaiti mpya itakapowashwa atakuwa kwenye kiti chake. Hilo ndilo lililokuwa dau langu, na nililibeba kila siku nikiingia ofisini.

Picha za kwanza zilitoka ng'ambo. Zilikuwa nzuri ajabu, ila zilionyesha bahari na jangwa. Katanga bahari tunaisoma shuleni tu. Nikaomba mafaili, nikaanza kutengeneza za kwetu: mawingu ya Upemba, mvua za mchana juu ya mji, ardhi tupu ya machimbo inayowaka moto jua likichoma. Muhindo ndiye aliyenisaidia. Huyu alikuwa kijana wa wafanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, mwenye akili na haraka, na baba yake hakumsamehe kamwe kuacha duka kwa ajili ya mawingu.

Hapa nawapa siri ya kazi, ishikeni. Picha ya kuiga ikiwa safi mno, inafundisha uongo. Zile zetu za mwanzo zilikuwa safi kama shuka la hoteli. Kila mtu alishinda mtihani, tukapigiana makofi. Kisha Papa Kalenga, aliyekuwa akipita tu, akauliza, "Na moshi iko wapi?" Tukazitazama tena picha zetu. Mwezi wa nane na wa tisa kwetu pori linawaka kila upande, watu wa makala, yaani mkaa, wanachoma matanuru yao, anga linakuwa chafu hadi unasahau rangi yake. Sisi tulikuwa tumetengeneza Katanga isiyo na moshi, nchi ambayo haipo. Tukauweka moshi. Siku hiyohiyo Muhindo, katika zoezi, akaona moshi wa makala akaandika ukungu mzito, akafunga uwanja wa ndege mzima kwa kalamu. Nilimkumbatia kwa furaha. Aliniona kama mwendawazimu, lakini kosa lile lilikuwa la gazeti, na hakulirudia tena kwenye nguo.

Kwa hiyo chafueni picha zenu. Wekeni moshi, wekeni mistari inayokosekana, wekeni picha inayochelewa kufika wakati mnaihitaji. Na msimpe mwanafunzi jibu mapema. Aanze asubuhi asiyojua mwisho wake, aandike taarifa yake. Samaki mkunje angali mbichi.

Uzuri wa picha zetu ndio uliotuletea balaa. Ili zoezi lionekane la kweli, tulikuwa tunaandika juu ya picha tarehe ya siku zile zile tulizokuwamo. Ijumaa moja ya msimu wa mvua, Chef Mwamba, mkuu wetu, alipita kwenye chumba cha mazoezi akielekea nyumbani. Kesho yake alikuwa anaoza binti yake, karamu imepangwa katika parcelle yake, kiwanja cha nyumba yake kule Naviundu, mahema yamesimikwa, viti vimepangwa, majirani wameonywa kuhusu muziki. Akaona kwenye skrini dhoruba kubwa sana inakuja, na tarehe ya Jumamosi juu yake. Hakuuliza. Chef hawaulizi watu wa chini kama mvua ni ya kweli. Alikwenda mbio akahamisha harusi yote kwenye ukumbi.

Jumamosi, jua lilitoka na kukaa, na wingu hata la kufutia jasho halikuonekana. Ukumbi ulikuwa mdogo kama kibweta. Mashangazi wa bwana harusi walisimama nje ukutani na sahani zao. Mama mkwe wa Chef alijipepea kwa kifuniko cha katoni ya bia, akimtazama mkwewe kila mara kifuniko kilipopita usoni. Tulikuwa tumealikwa, tulikuwapo, na mimi na Muhindo hatukuthubutu kutazamana, kwa sababu tulikwisha kuelewa. Hadi leo mtu wa ofisi ile akiona anga safi sana, anasema ni mvua ya Chef.

Jumatatu akaniita.

"Zaina, ile programu, ufunge."

"Chef..."

"Ufunge! Sitaki kuona tena mvua ya bongo, mvua ya kudanganya bantu, mu ofisi yangu. Mama mukwe wangu anasema miye siko hata mutu wa météo, anasema niko mutu wa kubahatisha!"

Nilisimama pale, nikaona kila kitu kinaondoka: picha, mazoezi, kiti cha Papa Kalenga. Sijui ujasiri ulitoka wapi. Labda kwa baba.

"Chef," nikasema, "ulianza kazi hii kabla yangu. Umeona mawingu kuliko miye. Kama foto yetu iliweza kukudanganya weye, basi iko muzuri kabisa."

Alinitazama. Mdomo ukaanza kumcheza upande mmoja, akajaribu kuuzuia, ukamshinda, akacheka hadi akashika meza. Akasema niendelee, ila kwa sharti: kila picha ya kuiga iwe na alama ambayo hata mjinga hawezi kuikosa, hata akiwa na harusi kesho. Si maandishi, maana maandishi hakuna anayeyasoma. Kitu cha kuonekana kutoka mlangoni.

Ndipo nilipochora ziwa. Nililiweka Kipushi kwa sababu Chef Mwamba ni mtoto wa Kipushi. Yeye kuliko wote angejua hakuna ziwa kwao. Nikalipa umbo la sufuria kwa sababu Mungu hajaumba ziwa lenye masikio. Na nikalipaka jekundu juu ya ardhi ya kijani, nyekundu ya kupiga kelele, kwa sababu ndizo rangi tulizoletewa kutoka ng'ambo: nchi ya kijani, wingu la kawaida la kijani kilichopauka, wingu la hatari jekundu, na radi nukta nyekundu juu yake. Ikatangazwa mbele ya wote: ukiona ziwa, ni mazoezi, usiguse simu. Usipoliona, ni kazi.

Asubuhi ya kwanza tuliweka picha ya dhoruba yenye ziwa kwenye skrini kubwa ya ukutani. Chumba kizima kikacheka. "Yo! Kipushi bamepata plage ya kuogelea!" Muhindo akapiga kelele. "Baba atauza mabikini!" Chef mwenyewe aliingia, akaona, akatikisa kichwa na kutoka. Ilikuwa asubuhi njema.

Papa Kalenga alikuwa kwenye kiti chake, ubavu kwetu. Aliitazama picha ile kwa umakini, uso umekunjamana. Mara akavuta simu ya mnara wa uwanja wa ndege, akaanza kubonyeza.

Nikamfikia na kuweka mkono juu ya simu. "Papa, iko ziwa."

"Ziwa gani?"

Watu wakaangua kicheko upya. "Papa anatuchekesha!" Naye akacheka, akaiweka simu chini. Lakini alichelewa kucheka. Kidogo tu, kama mtu anayesubiri kuona wengine wanacheka nini. Mimi sikucheka. Niliitazama sufuria ile jekundu, kubwa, inayopiga kelele pale ukutani, halafu nikayatazama macho ya Papa Kalenga yakiitafuta na kupita juu yake, yakarudi, yakapita tena.

Mchana nilimfuata uani, kwenye kipimo cha mvua, mahali alipokuwa akitutuma kutazama mawingu. Nilikuwa nimenunua pilipili mbili kwa mama mmoja getini. Nikaziweka kwenye kiganja, moja nyekundu, moja ya kijani.

"Papa, gani iko nyekundu hapa?"

Hakuzitazama. Alivua kofia.

"Tangia utoto," akasema. "Mama alinitumaka soko kuleta nyanya ya kuiva, nikaleta mbichi, akanipiga, akasema niko na kichwa ngumu. Nikakubali. Kichwa ngumu ni muzuri kuliko macho ya kilema." Akaikunja kofia mkononi. "Sikuambiaka mutu. Mweusi na mweupe, hapo niko mukubwa. Mu rangi, miye niko kipofu, Zaina. Ile nyekundu na ile kijani, kwangu ni udongo moja. Njo maana nitarudisha funguo. Naogopa nitaua bantu."

Nililia, nawaambia bila haya. Nililia kwa huruma, na kwa hasira pia, kwa sababu miaka yote tuliyocheka ukaidi wake, mzee huyu alikuwa akipigana peke yake. Halafu machozi yakanikauka ghafla, nikaanza kucheka, akashangaa.

"Papa," nikasema, "satelaiti bado iko chini. Haijapanda. Hii yote tunafanya ni gazeti!"

Hakuelewa. Ikabidi nimsimulie baba yangu na pini zake. Nguo ikiwa ya gazeti na bega likibana, humlaumu mwenye bega. Unakata upya.

Tulikaa, mimi na yeye, tukitafuta rangi. Nilibadilisha, yeye akasema hapana. Nikabadilisha, akasema afadhali. Mwishowe tukafika kwenye buluu na njano. Nchi buluu iliyofifia, wingu la kawaida buluu nzito, wingu la hatari njano kali, ziwa nalo njano, na radi nukta nyeupe zinazometa. Nilipoifungua ile picha, alishika ukingo wa meza. Alinyoosha kidole polepole hadi Kipushi.

"Aa," akasema. "Kumbe iko na masikio."

Kisha nikawaandikia walimu wa ng'ambo waliotuletea zile rangi za kwanza. Walijibu kwa upole kwamba rangi zimekwisha kukubaliwa na ofisi za kila mahali, na kuzibadilisha kwa ajili ya mtu mmoja ni vigumu. Sikuwa nimetaja mtu. Niliandika tu "mtabiri wetu mmoja", nikimlindia siri yake. Papa Kalenga alisoma jibu lile begani mwangu. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na nadhani siku ile ndipo alipolielewa. Walimu walipotupigia simu ya video na sisi wote tumekaa chumbani, Chef akiwa mbele, yeye alisimama.

"Miye njo ule mutabiri mumoja," akasema, halafu akarudia kwa Kifaransa kizuri alichokiweka akiba kwa ajili ya siku kubwa. Akaeleza kila kitu, nyanya, simu ya mnara, ziwa. Hakuna aliyecheka. Akamaliza kwa kuuliza swali moja: katika vyumba vya utabiri vya dunia nzima, mnafikiri niko peke yangu?

Walimu walitazamana. Muhindo alimsogezea Papa Kalenga kiti. Chef Mwamba ndiye aliyesema, akigeukia kamera: "Na miye naongeza kitu. Bora tukosee sasa, mu foto ya bongo. Miye najua vile inauma kukosea mu ya kweli. Muulize mama mukwe wangu." Hapo ndipo watu walipocheka, hata wale wa ng'ambo ambao hawakujua wanacheka nini.

Rangi za Lubumbashi zilikubaliwa kuwa rangi za pili, mtu achague. Baadaye tuliandikiwa na ofisi nyingine, za mbali, wakiziomba. Hawakusema kwa nini, nasi hatukuuliza. Lakini najua mahali fulani kuna mwanamume anayejifanya mkaidi aliyefunga mlango, akafungua picha ya buluu na njano, na akaona. Hilo lilitoka kwetu, wanangu. Lilitoka katika chumba kile mnacholalamikia feni yake.

Satelaiti ya zamani ilizimwa. Papa Kalenga hakurudisha funguo.

Sasa nimalizie na mchana mmoja wa msimu ule wa kwanza. Tulikuwa na chombo kipya, cha kweli, na sote tulikuwa bado tunakiogopa kidogo, kama bibi harusi mgeni nyumbani. Ndege ya abiria ilikuwa njiani kuja Luano. Juu ya Kundelungu kulikuwa na mawingu ya kawaida ya mchana, yale yanayopanda na kufa. Muhindo alikuwa tayari ameandika kwamba yatakufa.

Papa Kalenga aliingia kutoka nje, alikokuwa akitazama mawingu kwa macho yake kama kawaida. Akakaa. Picha mpya ikafika: nukta nyeupe chache za radi. Ikafika nyingine upesi, maana chombo kipya hakilali: nukta zimejaa, zimerukia moja juu ya nyingine kama mahindi kwenye kikaango, na chini yake kitu cha njano ambacho muda mfupi uliopita hakikuwapo. Hicho tulikuwa tumekifanyia mazoezi hadi tukakichoka. Radi zikizidi ghafla namna hiyo, wingu linataka kutupa mvua ya mawe.

Mkono wake ulikwenda kwenye simu, kisha ukasimama. Chumba kizima kilikuwa kinamtazama. Alisogeza uso karibu na skrini, akaweka kidole pale Kipushi, akakitembeza polepole kwenye buluu tupu, akitafuta masikio.

"Ziwa haiko," akasema. Akainua simu. "Allô, mnara? Ni Kalenga. Ile ndege ingoje. Isishuke kwanza. Nasema isishuke."

Mvua ya mawe ilipiga Luano kama kokoto zinazomwagwa juu ya mabati. Tulisimama dirishani tukiangalia uwanja unavyokuwa mweupe. Hata kama mtu angesema neno, tusingelisikia. Ndege ilizunguka mbali, upande wa jua, hadi wingu likapita, kisha ikashuka taratibu kwenye lami inayotoa mvuke. Tuliona watu wanateremka ngazi, mama mmoja akiwa amembeba mtoto mgongoni, akikwepa madimbwi asilowe viatu. Hakuinua macho kuelekea dirisha letu. Kwa nini angeinua? Kwake ndege ilichelewa tu.

Papa Kalenga alikuwa amerudi kwenye kiti chake, akimfutia Muhindo ile taarifa aliyoiandika. "Toka inje kwanza," akamwambia. "Angalia. Kisha urudi."

Alistaafu baadaye, kwa siku aliyoichagua mwenyewe, na funguo alizikabidhi mkononi mwangu. Mimi nami nimezikabidhi. Satelaiti nyingine itakuja, itakuwa na macho ambayo hatujayawaza, na mtatengeneza picha za kuiga kama sisi. Zichafueni. Muulizeni kila mtu chumbani anaona nini, na yule mkaidi muulizeni mara mbili. Na ziwa msilifute. Mkiliona, koseeni mnavyotaka. Msipoliona, inueni simu.